Ndoto Yangu Kwenye Spika

Kuna wanaume wanaokuvunja moyo kwa kukaa kimya. Wangu aliuvunja kwa mikrofoni, na uwanja mzima wa Nyamira ukampigia makofi.

Nilikuwa nimeapa kwamba siku Okoth atakapotokea mbele yangu nitammwagia maji ya vyombo. Akatokea Jumanne saa nne asubuhi, na maji ya vyombo nilikuwa nimekwisha kuyamwaga kwenye migomba. Hasira zangu ndivyo zilivyo. Zenyewe hufika kwa wakati, ila vifaa huwa havipo.

Nilikuwa nageuza maua ya pareto kwenye chanja cha matete, mbele ya jiko letu. Pareto haitaki mtu mwenye hasira. Ukiigeuza kwa fujo, vumbi lake linakuingia puani, unaanza kupiga chafya, na hakuna binadamu anayeogopwa huku anapiga chafya. Kwa hiyo nilikuwa naigeuza polepole, nikiuma meno, ndipo nikasikia hodi.

Aliipiga hodi hiyo kwa sauti ndogo sana, mtu ambaye kazi yake ni sauti. Alikuwa amevaa koti lake la kaki la kampuni ya sinema, kofia mkononi, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Mwaka mzima wa mapenzi yetu alikuwa hajalikanyaga boma letu. Alilijua kwa masimulizi tu: ukipita kisima, utaona migomba, kisha bati lenye kutu upande mmoja. Tulikuwa tukionana siku za Alhamisi, siku niliyokuwa nikishuka mjini, kwenye baraza ya posta. Tuliwekeana sheria kwamba asije nyumbani mpaka nimtayarishe mama.

"Hapa hakuna spika," nikamwambia bila kuinua kichwa. "Utasema kwa sauti yako mwenyewe, kama unayo."

"Ninayo, Bibi Pareto."

"Jina hilo liache barabarani ulikotoka."

Niliona kivuli chake kimesimama juu ya maua yangu, nikakigeuza nacho.

Sasa nieleze, maana msomaji asiyejua ya Jumapili ataniona mkorofi bure. Mkorofi niko, lakini si bure.

Jumapili lilikuja gari la sinema. Kampuni aliyofanyia kazi Okoth ilizunguka masoko yote ya Kisii na Nyamira ikitangaza sabuni. Walitundika shuka jeupe kati ya nguzo mbili, jenereta likanguruma, na jua likishazama watu wakaona picha. Ya kwanza huwa ya sabuni. Ya pili huwa ya afya, mambo ya nzi na vyoo. Ya tatu ndiyo watu wanayoijia.

Mama yangu, Drusilla, ni shemasi wa Kisabato, na kwake sinema ni mambo ya dunia. Lakini choo si dhambi. Alikwenda na kigoda chake kutazama picha ya choo, kwa nia njema kabisa, na ilipokwisha akakuta watu wamemzunguka pande zote, hawezi kutoka bila kukanyaga watoto. Akabaki. Mimi nilikuwa upande wa pili, karibu na gari, nikijifanya sijuani na yule kijana mwenye mikrofoni.

Picha ya tatu ilitakiwa iwe ya farasi na bunduki. Kopo lililotoka Nairobi lilikuwa na mkanda mwingine. Tukaona daktari mwenye koti jeupe, kitanda cha chuma, na mwanamke wa Kizungu aliyevishwa kichwani kitu kama sufuria yenye nyaya. Kila alipolala, ndoto yake ilitokea kwenye kioo ukutani, na daktari akawa anaitazama kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Picha ya sayansi, ya mambo ya siku zijazo, ati mashine inaingia katika akili ya mtu aliyelala na kutoka na vilivyofichwa.

Kiingereza chake kilikuwa cha puani, hata walimu hawakukishika. Kazi ya Okoth ilikuwa hiyo: kusimama kando ya gari na kutuambia kwa Kiswahili, na kwa Ekegusii kidogo alichookota kwangu, wale watu wanasema nini. Alishaniambia zamani kwamba nusu anafasiri na nusu anapika. Tulicheka sana siku ile. Aliyecheka zaidi ni mimi, simsingizii mtu.

Alianza vizuri. Daktari alimbatiza jina la Kichwangumu. Ile mashine alisema ni posho mill ya ndoto, unamimina usingizi huku, unga unatokea kule. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Kisha uso wa yule mwanamke ukajaa shuka zima, machozi yanamtoka, midomo inakwenda, na nyuma yake kwenye kioo kimesimama kivuli cha mwanamume mzee. Okoth akakosa neno. Nikasikia pumzi yake kwenye spika, ndani, nje. Halafu akasema, kwa sauti ya kike ya upole:

"Baba yangu hunijia. Amebeba kibuyu kilichofungwa waya shingoni. Ananiita mara tatu, binti yangu, nipe maji. Na mimi namsikia. Silali. Nimefumba macho tu, kwa sababu nimechoka."

Yule mwanamke mkononi alikuwa na bilauri. Waya ulitoka wapi?

Ulitoka kwangu. Ile ilikuwa ndoto yangu, na kabla haijawa ndoto ilikuwa mchana wa kweli. Miaka mitatu iliyopita baba yangu, Manasseh, alikuwa mgonjwa, na mama alikuwa amekwenda makambi, lile juma zima la mahubiri ambalo Msabato halikosi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Siku sita nilimgeuza, nilimlisha, nilifua matandiko yake. Siku ya saba, mchana, nilijilaza kwenye mkeka chumba cha pili. Akaniita. Nikasema moyoni, ngoja kidogo. Akaniita tena. Mara ya tatu nilijifunika kanga. Kisha usingizi wa kweli ukanichukua, na nilipoamka nilimkuta sakafuni karibu na mtungi, amekata roho, kibuyu kimepasuka shingo. Mama aliporudi nilimwambia nilikuwa shambani nikichuma pareto. Kibuyu akakifunga waya, akakitundika jikoni, na mimi nikaanza kuota.

Mtu mmoja tu duniani nilimwambia. Ilikuwa Alhamisi, mvua imetufungia kwenye baraza ya posta. Okoth hakutia mzaha hata mmoja. Alinishika mkono mpaka mvua ikakatika, na nilipokuwa napanda kurudi nyumbani nilijiambia, huyu nitaolewa naye, hata baba mdogo Okemwa apige kelele kwamba watu wa ziwani kama yeye si wetu, hata kanisa linitazame kwa pembe ya jicho.

Basi Jumapili nilimtafuta mama kwa macho, ng'ambo ya vichwa vya watu. Kila mtu alikuwa anatazama shuka. Yeye alikuwa ananitazama mimi.

Na Okoth hakuishia hapo. Kwenye picha yule mwanamke aliinuka akajimiminia maji. Okoth akasema anampa baba yake, baba anakunywa, anamshukuru, anakwenda zake kwa amani. Wanawake wakafuta machozi. Wakapiga makofi. Na jirani yetu Loice, ambaye hana ugonjwa wowote isipokuwa ulimi, alinikuta kisimani Jumatatu akaniambia kumbe hata Wazungu hufunga vibuyu vyao kwa waya, yeye alidhani ni kwa Manasseh peke yake.

Mama hakuniambia neno. Aliomba asubuhi na jioni kama kawaida, akataja wagonjwa, wajane, wasafiri na ng'ombe wetu mwenye mimba. Jina langu alilipita kama mtu anayeruka dimbwi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kifuani mwangu Jumanne saa nne, kivuli cha Okoth kikiwa juu ya pareto.

"Nimekuja kueleza," akasema.

"Eleza. Hii hapa pareto inakusikiliza."

Akaeleza. Kwamba ule mkanda hakuwahi kuuona kabla ya jioni ile. Kwamba watu wote wale walikuwa wanamngoja, midomo ya yule mwanamke inakwenda, na yeye kichwani hana kitu. Kwamba alipouona ule uso mkubwa, na machozi yale, hakumwona Mzungu. Aliniona mimi kwenye baraza ya posta.

"Maneno yalitoka yenyewe, Nyanchera. Ndani yangu hakukuwa na mengine."

"Na waya? Waya nao ulitoka wenyewe?"

Akatazama kofia yake.

"Ungeweza kusema kikombe," nikamwambia. "Ungeweza kusema mama, shangazi, ng'ombe. Wewe ni mpishi, si uliniambia? Siku zote unapika. Siku ya kupika ikafika, ukachukua sufuria yangu ikiwa bado jikoni, ukawapakulia watu."

"Nilikosa."

"Hujakosa. Aliyekosa ni yule anayekanyaga mguu wa mtu kwenye giza. Wewe ulisimama, ukavuta pumzi, ukachagua. Niliisikia pumzi yako, Okoth. Ilikuwa kwenye spika."

Alisogea hatua moja. Nikaweka ufito wa kugeuzia pareto kati yetu, naye akasimama pale pale kama ng'ombe kwenye lango. Na hapo nikafanya kosa la kumtazama. Kifungo cha pili cha koti lake kilikuwa bado kimeshonwa kwa uzi wa kijani, uzi wangu, kwa sababu siku ile sikuwa na mweusi. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hajalala siku mbili. Nilitaka kumshika shingo. Nilitaka pia kumpiga kwa ufito. Mikono ikashindwa kuamua, ikabaki imeshika ufito tu.

"Mimi nilimpa maji," akasema polepole. "Hilo ndilo nililotaka. Nilifikiri ukimwona anakunywa, hata mara moja, hata kwenye shuka, utapumzika."

Afadhali angenitukana.

"Nani alikutuma?" nikamwuliza. "Miaka mitatu najaribu kuinuka kwenye ule mkeka nimpe baba yangu maji. Kila nikiota nasema leo nitainuka, na siinuki. Hiyo ni kazi yangu. Wewe umekuja na jenereta na sabuni, ukainuka badala yangu, ukapigiwa makofi. Sasa mimi nitainuka kwenda wapi?"

Nikaendelea, maana mlango ukishafunguka ng'ombe wote hutoka. Nikamwambia mwaka mzima amenisikiliza, ndiyo, lakini mimi yeye namjua nini? Jina la mama yake, Nereah, nililisoma kwenye bahasha. Kila nikimwuliza la moyoni ananipa kichekesho. Ya daktari anayajua, ya farasi anayajua, ya sabuni anayajua. Yake ameyafungia kwenye kopo gani?

"Mashine yako ile," nikamwambia, "angalau sufuria yake ingeweza kuvishwa mtu yeyote, hata daktari. Wewe unavisha tu. Kichwa chako hakijawahi kuingia."

Ndipo mlango wa jiko ukalia.

Mama alitoka na kibuyu. Kile kile, waya shingoni. Alikuwa mle ndani muda wote, akichambua maharagwe, na jiko letu lina ukuta wa udongo wenye nyufa za kutosha kusikiliza dunia nzima. Okoth akainamisha kichwa, akamwamkia. Mama aliitikia, maana salamu hata ya adui hairudishwi mikono mitupu. Kisha akamwuliza kama ni yeye aliyempa mume wake maji.

"Ni mimi, Mama."

"Hakunywa."

Okoth akafungua mdomo.

"Hakunywa," mama akarudia, bila kupandisha sauti. "Mimi ndiye niliyemwosha. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Nimeishi na midomo hiyo miaka mitatu, nimeizoea, ni yangu. Kisha ukasimama mbele ya watu ukaniambia alikunywa na akashukuru. Mume wangu si picha, kijana. Usimtengeneze."

Sijawahi kuona mtu wa maneno akiishiwa namna ile. Alisema, "Nisamehe, Mama," basi.

Mama alimwacha hapo, akanigeukia. Nilijua swali linalokuja, na nilijua kwamba kwa jibu lake naweza kumpoteza mama niliyebaki naye.

"Alikuita mara ngapi?"

"Tatu."

"Ulisikia zote?"

"Zote."

Kuku alipita kati yetu, akadonoa ua la pareto, akalitema.

"Uliniambia ulikuwa shambani," mama akasema. "Nilikuja nikakuta kikapu chako kimening'inia ukutani, kikavu, hakina hata ua moja. Nilijua siku ile ile. Nikangoja uje uniambie mwenyewe. Miaka mitatu nangoja. Na mwisho ukaenda kumwambia mtu wa barabarani, nikaja kuambiwa na spika, nimekaa kwenye kigoda katikati ya watu kama mwizi aliyekamatwa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa amenikasirikia kwa sababu sikuinuka. Alinikasirikia kwa sababu sikumwambia.

"Niliogopa, Mama."

"Uliogopa nini? Mimi baba yako aliniita siku nne kabla ya makambi." Mkono wake ulikaza kibuyu hadi nikaogopa kitapasuka tena. "Drusilla, aliniambia, makambi ya mwaka huu usiende. Siku nne, Nyanchera. Na mimi sikuwa nimelala. Nilikuwa nafunga mzigo wangu mbele ya macho yake, nikimwimbia wimbo wa dini ili nisimsikie."

Nilikuwa na hasira naye, na yeye nami, na sote wawili na yule aliyesimama na kofia. Lakini ilikuwa hasira ya watu walio chumba kimoja, si ile ya Jumatatu iliyokuwa na ukuta katikati.

Mama akamgeukia mgeni. Alimwuliza Okoth ile picha inakwenda wapi tena. Akajibu Masimba, Jumapili.

"Na huyo mwanamke atasema nini?"

Okoth akanitazama.

"Atasema yako," nikamwambia. "Ndoto yako wewe. Si ya kupika."

"Mimi nalala kama gogo," akasema, na tabasamu lake la kazi likaanza kuja. Halikufika. Alilirudisha mwenyewe, akafuta uso kwa kofia. "Iko moja," akasema. "Ya mama yangu na mlango."

Kidogo nimwambie aseme, nasikiliza. Moyo ni mjinga, ukipewa kijiko unasahau njaa ya mwaka. Nikauzuia.

"Usinipe hapa kwenye uficho. Mimi yangu niliisikia uwanjani. Yako nitaisikia uwanjani."

"Utakuja?"

"Sijui."

"Nyanchera."

"Nimesema sijui. Ukitaka la uongo litafute kwenye kopo."

Aliaga. Kwetu mgeni hatoki peke yake, hata awe amekuja kuomba ugomvi. Husindikizwa hadi njiani. Mimi sikusogea. Niliinamia chanja na kuhesabu maua kama mtu aliyeajiriwa kuyahesabu. Aliyemsindikiza ni mama. Shemasi wa Kisabato na kijana wa sinema, hatua tatu kati yao, wakapita chini ya migomba. Nililitazama lile koti la kaki mpaka likamezwa na majani, nikamchukia kwa kutogeuka. Kisha akageuka, nikamchukia kwa hilo pia.

Mama alirudi peke yake. Akavuta kigoda, akakaa kivulini, kibuyu mapajani. Nilikuwa nimeshaanza kupiga chafya, vumbi la pareto limenishinda, na machozi nayo yakapata kisingizio.

Kuna jambo nilikuwa sijalitia akilini mpaka dakika ile. Tangu baba afe, mama hakuwahi kunituma maji. Kuni alinituma, chumvi alinituma, hadi kwa Okemwa kupeleka habari mbaya alinituma. Maji alikuwa akiinuka mwenyewe, hata akiwa na homa, hata usiku wa kuamkia Sabato akiwa amevunjika mgongo kwa kazi. Mimi nilidhani ananionea huruma.

Aliniwekea kibuyu mbele, juu ya nyasi.

"Nyanchera," akaita.

"Mama," nikaitika, na nilikuwa nimekwisha simama.